Eda Yangu na Chembe Pweke

Mjukuu wangu alinipigia simu kuniambia kwamba ile nyumba ya Wete inabomolewa, nami nikamwambia anipeleke nikaitazame kabla haijawa kifusi. Alishangaa. Nyumba si yangu, sikuirithi wala sikupata kuidai, na kutoka Msuka mpaka Wete kwa mgongo nilio nao sasa ni adhabu tupu. Lakini niliishi ndani yake mwaka mmoja, mara tu baada ya vita vya Hitla, na mwaka huo ndio ulionifanya niwe bibi huyu anayemjua yeye, mwenye ulimi mkali na asiyependa kuulizwa hali mara mbili. Mjukuu huyu anasomesha kemia skuli moja ya Chake. Njiani nikamwambia kwamba mimi nilizijua habari za chembe zisizo na wenzi kabla baba yake hajazaliwa, tena kwa Kiswahili, tena nikikuna nazi. Akanitazama kwa jicho la pembeni, akidhani uzee umeshanipanda kichwani. "Hizo zinaitwa radikali huru, bibi," akasema. Huru! Ningemjua aliyezipa jina hilo ningemuuliza kama yeye amewahi kulala peke yake katika nyumba ya mtu. Aliyenifunza mimi aliziita chembe pweke, na mpaka leo naona ndilo jina lake.

Niliolewa na Hamadi nikiwa kigori, naye alikuwa kijana aliyesoma Unguja na kurudi na suruali mbili na kalamu ya wino. Tulipendana, sitaki kusema uongo. Lakini sote wawili tulikuwa na viburi, na viburi viwili havikai chungu kimoja. Nilikwenda Msuka kwa kaka yangu, mkewe alikuwa amejifungua, nikakaa zaidi ya siku nilizoombea ruhusa. Niliporudi Hamadi alininunia, nami nikamnunia zaidi. Maneno yakazaa maneno, na jioni moja akatoka barazani, akasema mbele ya watu wawili kwamba ameniacha kwa talaka moja. Moja tu. Hata katika hasira zake aliacha mlango wazi, na kwa muda mrefu nilimchukia kwa kuniacha na nikampenda kwa ile moja. Kesho yake kaka yangu alifika na gari la ng'ombe kunichukua mimi na kitanda changu, kama ilivyo desturi yetu: mwanamke akiachwa, vyombo vyake hutangulia mlangoni kabla machozi hayajakauka.

Aliyetuzuia ni mavyaa wangu, Bi Mkasi, mama yake Hamadi. Mwaka mzima ule alikuwa hajanipa neno tamu. Chumvi yangu ilizidi, ufagio wangu haukufika pembeni, mchele wangu ulikuwa na mawe. Siku ile akasimama mlangoni, mikono kaikunja kifuani, akamwambia kaka yangu, "Rejesha gari lako. Mwanamke hatoki katika nyumba yake mpaka eda iishe. Hiyo ndiyo sheria, na mambo yenu ya kubeba vitanda mmeyatunga wenyewe." Kaka yangu akamwambia watu watacheka. "Nawacheke," akasema, "meno ni yao." Akanishika mkono akaniingiza chumba cha pili, akanikalisha, akaniambia kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nikiijua: "Sikiliza, mwanangu. Eda yako haihisabiwi kwa miezi, kama wanavyosema wanaume barazani. Yahisabiwa kwa siku zako. Zikikujia mara ya tatu, basi, weye si nke wake tena, na akikutaka itabidi aoe upya, kwa wali wa kukuozesha na kwa mahari. Kabla ya hapo neno lake moja latosha. Nyumba hii ndogo. Nami nnataka mgonganegongane humu ndani mpaka mmoja wenu aone haya."

Basi ndivyo nilivyobaki. Hamadi akahamia ukumbi wa mbele, na ukumbi ule ulikuwa na mpangaji. Tulimwita Daktari Merwan, ingawa hakuwa akitibu mtu. Alikuwa Muhindi mzaliwa wa mjini Unguja, amesoma Ulaya mpaka nywele zikamtoka utosini, na wenye mtambo mmoja wa kupika makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kutoa mafuta, walimleta kuchunguza mafuta: kwa nini mafuta ya nazi hugeuka harufu yakikaa, na kwa nini yakitiwa mafuta kidogo ya makonyo huchelewa kugeuka. Hamadi ndiye msaidizi wake. Ukumbi wote walikuwa wameujaza chupa, mirija na taa za spiriti. Baina ya ukumbi ule na chumba changu palikuwa na ukuta mmoja wa mawe na udongo, na katika ukuta shubaka la kuwekea taa, ambalo udongo wake wa nyuma ulikuwa umebomoka kiasi cha kupita ngumi. Upande wao walikuwa wameegemeza mkeka. Upande wangu niliweka bakuli. Ukiliondoa bakuli, ulisikia mpaka mtu akimeza mate.

Sikuwa na la kufanya ila kupika na kusikiliza. Nikipika muhogo wa nazi na samaki changu wa kukaanga, Bi Mkasi hupeleka sinia mbele, nao hula wawili, Daktari na Hamadi, kisha sinia hurudi kwangu. Kwa sinia lile nilijua habari za mume wangu kuliko alivyozijua mwenyewe. Miiba iliyorundikwa ukingoni vizuri ilikuwa yake. Ukoko wa wali, ambao zamani tukigombania, alikuwa akiubakisha kando nzima nzima, na sikujua kama ananibakishia mimi au hamu ya kula imemtoka. Nami nilikula peke yangu, nikitazama ukuta. Ukiwa wa kuwa mbali na mtu unaujua kila msafiri. Ukiwa wa kumsikia mtu wako akipiga chafya, ukashindwa kumwambia afya, ule ni mwingine, na sikuwa nimeambiwa na mtu kwamba upo. Tulioneana haya kiasi kwamba akija uani kuchota maji mimi huingia jikoni, na nikitoka mimi yeye hukohoa ili nijue yupo nirudi ndani.

Somo la kwanza nililisikia nikichambua mchele. Daktari alikuwa na Kiswahili safi cha mjini, na alipenda kusema kama watu wote wasio na wa kusema naye. "Tazama, Bwana Hamadi," alisema, "mafuta haya ni chembe ndogo sana, na ndani ya kila chembe viungo vimeshikana mikono, wawili wawili. Jua likipiga, au moto ukizidi, pengine mikono huachana. Sasa umepata chembe yenye mkono mtupu, chembe pweke. Hiyo haitulii hata kidogo. Inamvamia jirani, inampokonya cha kushika. Yeye ametulia, lakini jirani naye kabaki mkono mtupu, atamvamia wa tatu." Hamadi akauliza fujo hilo hukoma wapi. "Hukoma wawili wenye mikono mitupu wakikutana. Hao wakishikana, basi, hakuna tena wa kupokonya. Lakini ni wachache, na mafuta ni mengi. Mpaka wakutane, debe zima limeshanuka." Nilicheka peke yangu kwa kuwa nilikumbuka harusi moja ya Vitongoji, mwanamke mmoja kaibiwa leso yake akachukua ya mwenzake, mwenzake akachukua ya mwingine, mpaka harusi nzima ikawa matusi. Kisha kicheko kikanikatika, nikaona kwamba sina wa kumsimulia.

Kuhusu mafuta ya karafuu alisema jambo ambalo nililikalia kwa siku nyingi. Chembe ya karafuu, alisema, ina tabia yake. Ikipokonywa haimpokonyi jirani. Hubaki na mkono wake mtupu, ikavumilia, ikangoja mpaka ikutane na chembe nyingine ya karafuu iliyopokonywa kama yeye, na hizo mbili ndizo zinazoungana. Ndiyo sababu mafuta yaliyotiwa karafuu hayaharibiki upesi, kwa sababu yuko mmoja aliyekubali kukaa na hasara yake. Daktari alitaka kuzipata hizo mbili zilizoungana, azione kwa macho, kwa kuwa zikiungana huganda zikawa fuwele nyeupe. Kila siku walitia dawa tone kwa tone, na kila siku wakapata utomvu wa kahawia ulioganda chini ya chupa kama urimbo. Nikisikia Daktari akishusha pumzi, nami hushusha yangu. Sikujua kwa nini nilizitaka fuwele zile kuliko yeye. Au nilijua.

Asubuhi moja Daktari akamwita Bi Mkasi aje aone ajabu, naye akaja na mimi, tukasimama nyuma ya pazia la mlango, mimi nimejifunika. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Hamadi uso tangu jioni ile ya baraza. Alikuwa amekonda na hakuwa amenyoa. Daktari alishika chupa iliyozibwa, ndani yake maji ya manjano, kwa dawa aliyokuja nayo toka Ulaya. "Bi Mkasi," alisema, "waliomo humu wana miili mikubwa. Wakitaka kukumbatiana mabega yanagongana, kwa hivyo hushikana kwa ncha za vidole tu, na kwa jambo dogo huachana. Walioshikana hawana rangi. Huu umanjano unaouona ni wale walio peke yao." Akazibua kizibo, hewa ikaingia, akaziba, akaitikisa. Manjano ikatoweka kama haikuwapo. Bi Mkasi akasema "Subhanallah." Akaiweka mezani, na tukiwa tunaitazama, manjano ikarudi polepole, kwa sababu, alisema, wengine tena wamekwisha kuachana. Akaitikisa tena, ikatoweka, ikarudi dhaifu. Mwisho haikurudi, ukabaki ungaunga mweupe chini ya chupa. "Sasa hewa imewaingilia," akasema. "Kila wawili wana hewa katikati, mmoja kaishika upande huu na mmoja upande huu. Hawa hawarudi tena walivyokuwa." Bi Mkasi akatikisa kichwa. "Maskini," akasema, "wameshikana na hawagusani." Nikamwona Hamadi akiinua macho kwenye pazia. Nikarudi jikoni kabla sijaonekana nikilia, na mchuzi wa mchana ule Bi Mkasi hakuutoa kasoro.

Siku zangu zikaja mara ya kwanza, zikaja ya pili. Kila mara Bi Mkasi aliniuliza, nami nikamjibu, naye akaondoka. Mara moja nilimwomba amwambie mwanawe namna hisabu inavyokwenda. Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni. "Miye nkamwambie mwanangu wa kiume habari za siku za nkewe? Astaghfirullah. Kasoma huyo. Atajua." Nami je, nimwambie? Nibishe ukuta niseme, Hamadi, fanya haraka? Nilikuwa radhi kufa. Nilitaka anirejee kwa kutaka kwake, si kwa kukumbushwa kama mtu anayekumbushwa kufunga banda la kuku. Kiburi hicho nilikiona heshima, na bado naona kilikuwa heshima, ila sasa najua bei yake.

Somo la mwisho lilikuwa juu ya wale wanaoachana palepale. Hamadi ndiye aliyeuliza, na sauti aliishusha, nikajua hasemi habari za chupa. "Daktari, wale wawili walioachana, waweza kurudiana wao kwa wao? Au kila mmoja hushikwa na mwingine?" Daktari akafurahi, alipenda swali. "Wanaweza," akasema. "Mara tu wakiachana wanakuwa bado karibu, na wengine wamewazunguka wamewabana, kila mmoja akitaka kuondoka anasukumwa nyuma kwa mwenzake. Humo, katika ule msongamano, wengi hurudiana. Lakini ni muda mdogo, Bwana Hamadi, hata kufumba jicho ni mwingi. Mmoja akipata upenyo akatoka, habari imekwisha. Atashikana na yeyote atakayemkuta huko nje, na yule wa kwanza hatamwona tena." Hamadi akasema, "Basi bora asingoje." Daktari akasema, "Chembe haijui kungoja. Kungoja ni kazi yetu sisi." Kisha nikasikia akimimina chai. Nadhani Daktari naye alikuwa na mtu wake mahali, lakini sikupata kujua.

Nafika sasa siku yenyewe. Ilikuwa adhuhuri, nilikuwa nakuna nazi uani, mbuzi imeelekea ukutani, nikasikia tumbo la chini linaniuma namna ninayoijua. Nikaingia ndani nikatazama. Zilikuwa zimekuja, mara ya tatu. Nilirudi nikakaa juu ya mbuzi yangu nikaendelea kukuna, nikakuna mpaka kifuu. Nilipaswa kumwambia Bi Mkasi saa ileile. Nikajiambia nitamwambia baada ya chakula, kisha baada ya alasiri. Nilikuwa si mke wa mtu, na mtu wa kwanza kulijua hilo ni mimi, na kwa saa chache zile nilikuwa mimi peke yangu katika dunia nzima niliyelijua. Sijapata kuwa mpweke vile tena, hata nilipozika.

Baada ya alasiri nikasikia kelele upande wa pili. Daktari alikuwa akicheka, akigonga meza. Fuwele zimetoka! Nyeupe, alisema, mfano wa chumvi ya mawe, na akamwambia Hamadi anuse. Hamadi akanusa, akasema hazina harufu. "Hazina," akasema Daktari, "ndiyo ajabu yake. Karafuu mbili zimeshikana, na harufu yote imekwisha. Zimetulia." Kisha nikamsikia Hamadi akiinuka, kiti kikakwaruza sakafu, na sauti yake ikaja karibu na ukuta, karibu sana, nadhani aliuondoa mkeka. "Daktari," alisema, "nna mwezi mzima uliobaki. Nilisema n'tangoja mpaka mwishomwisho, nipate kwanza kumnunulia kitanda kipya, watu wasiseme namrejesha kwenye kile cha zamani. Lakini sitangoja. Shuhudia, ingawa si dini yako. Nimemrejea nke wangu Riziki. Nimemrejea."

Mwezi mzima! Alihisabu miezi mitatu kwa mwandamo, kama walivyo wanaume wote wa barazani, msomi wangu wa kalamu ya wino. Nilikuwa nimesimama kwenye shubaka, bakuli mkononi. Hakuna aliyejua. Bi Mkasi alikuwa kizingitini pa chumba changu, kafika kwa kelele zile, amesikia neno la mwanawe, na uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha kama wa msichana. Ningenyamaza, jioni ile ningehamishia mto wangu kwa mume wangu. Nikatia mdomo kwenye lile tundu, nikasema neno la kwanza kumwambia tangu aniache. "Hamadi. Mimi si mkeo. Eda imekwisha tangu adhuhuri."

Daktari akauliza, "Amesema nini?" kisha naye akaelewa, nikamsikia akizima taa za spiriti moja moja. Bi Mkasi akaja akakaa kitandani kwangu. Mwanamke yule aliyesimamisha gari la ng'ombe kwa ajili ya sheria, akanivuta kwa ncha ya kanga, akaninong'oneza huku machozi yakimtiririka: "Mwanangu, hukuweza kunyamaza hata mpaka kesho?" Nikamwambia, "Mama, na hiyo kesho ningekuwa nani?" Akanikumbatia. Tulilia wawili, na hapo ndipo nilipojua kwamba alikuwa akinipenda.

Nilirudi Msuka kwa kaka yangu, na Hamadi akatuma wazee huko kuniposa upya. Kaka yangu, bado ana uchungu wa lile gari lililorudi tupu, alikuwa ameshatoa ahadi kwa mtu mwingine, mkulima wa hukohuko, na mimi sikuwa wa kuulizwa. Mtu mwenyewe alikuwa mwema. Niliishi naye miaka mingi, nikamzalia, nikamzika, na sina la kumlaumu. Tulikuwa tumetulia. Hamadi alioa Wete palepale, alikaa katika nyumba ileile mpaka kufa kwake, na hatukuonana tena ila mara moja kwa mbali, bandarini, mimi na mtoto mgongoni.

Nyumba nimeikuta haina paa. Ukuta wa ukumbi ulikuwa bado umesimama, na shubaka langu lipo. Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akisimamia mafundi, akanisalimu kwa adabu, shikamoo bibi, akasema yeye ni binti wa marehemu Hamadi. Ana macho ya baba yake. Aliniona nimelikazia macho lile tundu, akacheka. "Hilo hilo, bibi! Kila Idi tukipaka chokaa nyumba nzima, tukitaka kuliziba baba hakubali. Mama kagombana naye mpaka kachoka. Ukimuuliza sababu, hasemi." Kisha akaniuliza kama nilimjua, kama pengine nilikuwa jirani yao zamani. Mjukuu wangu alikuwa amesimama na funguo za gari, akisikiliza.

"Naam, mwanangu," nikamwambia. "Tulipakana ukuta."